Pita, Hakuna Mtu

Siku Mutahar alipoita "Allah! Allah!" ngazini kwa mara ya kwanza, nilikuwa nakanda unga, wala sikuinuka. Katika nyumba zetu za Sanaa baraza la wanaume liko juu kabisa, hivyo mwanamume anayepanda au kushuka hupaza sauti ili wanawake tujitenge. Tukishafunga mlango, humjibu: "Pita, hakuna mtu." Lakini huyu nilimlea mimi. Alikuwa anamwonya nani?

Akasimama nje ya mlango wa jiko, uso kaugeuzia ukutani.

"Ami Hamud kasema nimeshabalehe," alisema. "Kasema wewe si mama yangu, ni mke wa ami."

"Na makamasi yako yote yale, aliyafuta mke wa ami?"

Hakucheka. Masikio yalimwiva mekundu, nami nikamhurumia, nikafunga mlango kwa mikono yenye unga.

Kosa ni langu. Mama yake alipofariki, Mutahar alikuwa na miezi sita, na mume wangu Hamud akaniletea mtoto wa nduguye nilee, mimi niliyenyimwa uzazi. Dada yangu Bilkis, aliyekuwa ananyonyesha, alikuja siku ileile.

"Huria, nipe nimnyonyeshe siku chache tu. Atakuwa mwanangu wa kunyonya, nawe mama yake mdogo. Akikua hamtawekeana pazia."

"Una wanne wako, bado unamtaka na wangu?"

"Wivu huo utakutokea puani, dada."

Nikamlea kwa maziwa ya mbuzi, kijiko kwa kijiko. Sikutaka awe na mama mwingine hata kwa tone moja. Alipotimiza miaka miwili, umri wa kunyonya ukapita, na maziwa ya Bilkis yasingetufaa tena. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu naujutia kila ninapokanda unga.

Miaka minne sasa namjua kwa nyayo. Najua akichoka, najua akiwa na viatu vipya. Ngazi hizo alijifunza kuzipanda akiwa ameshika kidole changu.

Leo anakwenda Kairo kusoma. Nimempikia mkate wa asali, Hamud akampelekea juu. Sasa gari limefika, na Hamud anapiga kelele chini: "We Mutahar! Dereva atakuacha!"

Nyayo zinashuka. "Allah! Allah!"

Nimeshafunga. Nimeegemea mlango, uso wazi, mkono kwenye komeo. Nyayo zimesimama upande wa pili, karibu mno hata nasikia anavyopumua.

"Mama," ananong'ona. Hajaniita hivyo tangu siku ile. "Mama, upo?"

Nikisema nipo, nitafungua. Nikifungua, Hamud atamfuata kwa maneno hadi huko Kairo. Nimeuma upindo wa shela yangu mpaka sauti ikatulia.

"Pita, mwanangu," nikamjibu. "Hakuna mtu."