Peninah Anajitembeza Saint-Orvain

Simu ya kwanza ilimkuta Fanuel mlangoni pa hoteli, Al Rigga, Dubai, shati limemganda mgongoni. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2008, mchana, na walinzi hawakuruhusiwa simu kazini. Alipoona ni mkewe, akajibanza nyuma ya nguzo.

"Uko wapi?"

"Niko peke yangu!" Peninah alikuwa anacheka. "Madam na sir wamepeleka watoto mtoni, wakaniambia nipumzike. Nimepewa karatasi yenye ramani pale ofisi ya watalii. Kuna namba zimebandikwa ukutani, unazifuata, unajitembeza kijiji kizima. Hakuna mtu wa kukuongoza."

"Umefika namba gani?"

"Ya pili. Lango la mawe. Wanasema lina miaka mia saba, na mtu anapita tu na mkate kwapani kama si kitu."

Peninah alikuwa yaya wa familia ya Kifaransa iliyokaa Jumeirah. Kila kiangazi familia hiyo ilienda kwao, na mwaka huu ilimchukua pia. Dubai pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya sir.

"Leo madam amenipa nitembee nayo," alisema. "Eti polisi wakiniuliza. Iko hapa kwenye mkoba."

Fanuel akahesabu wiki kichwani. Mwezi wa Septemba familia ile ilikuwa inahamia Singapuri, na yaya hakuwemo kwenye safari hiyo. Viza yake ingefutwa. Kabla hajaondoka walikuwa wamegombana: Fanuel alitaka atafute haraka kafeel mwingine, mwajiri wa kumdhamini viza, na Peninah hakumjibu ndiyo wala hapana.

"Usipotee," akamwambia.

"Nitapotea vipi, na namba ziko ukutani?"

Simu ya pili ilikuja akiwa amewafungulia mlango wageni wawili bila kuwaona sura.

"Niko namba sita. Kuna bwawa la kufulia, limeezekwa paa. Akina mama wa zamani walikuwa wanapiga magoti hapa. Mawe yamelika pale walipokuwa wakisugua nguo, Fanuel, unaweza kuingiza kiganja." Sauti yake ikashuka. "Kuna mama hapa anaitwa Amna, Mngazija. Anafanya usafi kwenye nyumba ya wazee. Kiswahili chake na changu vinavutana vutana, lakini tunaelewana. Anasema Marseille watu wa kwao wamejaa, mtu akifika hakosi pa kulala wala kazi. Hata bila karatasi."

"Kwa nini anakuambia hayo?"

"Mimi ndiye niliyemuuliza. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

"Fanuel!" Kasian, msimamizi wa walinzi, Mtanzania asiyependa mzaha, alikuwa amesimama lobi. "Weka simu chini. Arbab anashuka."

"Nitakupigia," Fanuel alinong'ona, akakata. Arbab, mwenye hoteli, alipopita, akapiga. Simu ya Peninah ilikuwa imezimwa.

Akapiga tena. Akahama upande wa kulia wa mlango, akarudi kushoto. Muda wa chakula ulipofika hakwenda kula. Alivuka barabara hadi duka la intaneti, ambako Hilwa, binti wa Kizanzibari aliyezaliwa hapohapo Dubai, alikuwa nyuma ya kaunta.

"Nitafutie kijiji, dada. Saint-Orvain. Kiko Ufaransa."

Hilwa akaandika, akakosea, akaandika tena. Picha zikaanza kufunguka polepole: nyumba za rangi ya mchanga, madirisha ya buluu, kisha lango. Fanuel alilitambua mara moja, kana kwamba aliwahi kupita hapo. Chini yake palikuwa na maelezo ya matembezi kwa Kiingereza.

"Namba sita ni bwawa la kufulia," Hilwa akasoma. "Saba kanisa. Nane kinu cha kukamulia zeituni. Tisa uwanja wa soko la zamani, ndipo matembezi yanapoishia. Hapo hapo pana kituo cha mabasi ya kwenda Marseille." Akageuka. "Kuna mtu wako huko, kaka? Pazuri mno."

"Mke wangu. Nisomee tena hapo mwisho."

Akamsomea tena. Fanuel akatoka bila kuaga.

Alirudi kazini amechelewa, na Kasian akamwambia ataandikiwa onyo. Alisema sawa bila kusikia. Alianza kuandika ujumbe: *Rudi.* Akafuta. Akaandika: *Nenda.* Akafuta. Mwishowe akatuma: *Uko wapi?* Jua likashuka nyuma ya majengo, na simu bado ilikuwa kimya. Alijikuta ana hasira, halafu anaomba Mungu, halafu hajui anaomba nini hasa.

Simu ikalia akiwa anabadilisha nguo.

"Nilipanda basi," Peninah alisema.

Fanuel akakaa kwenye benchi.

"Nikashuka kituo kilichofuata. Nimerudi kwa miguu, katikati ya mashamba ya mizabibu. Viatu vimenikata."

"Kwa nini umeshuka?"

"Nilianza kumwogopa kila anayepanda, nikidhani ni polisi. Nikasema, kumbe nitatoka kwa madam niende kujificha? Tangu asubuhi nilikuwa natembea tu, hakuna anayeniita. Sikutaka siku yangu iharibike."

Peninah na familia ile walirudi Dubai mwanzoni mwa Septemba, Ramadhani imeshaingia. Fanuel alikuwa uwanja wa ndege, upande wa wanaopokea. Alimwona sir akinyoosha mkono akusanye pasipoti, na Peninah akisema jambo huku ameshikilia mkoba wake. Sir alimtazama mkewe. Madam akaangalia masanduku. Mkono ukarudi mfukoni.

Ijumaa jioni, baada ya futari, walikutana kwenye mkahawa mdogo Bur Dubai.

"Sitafuti kafeel," Peninah alisema kabla chai haijafika. "Naenda nyumbani."

"Ukafanye nini?"

"Sijui bado."

Fanuel alizungusha kikombe, akasimama, akakaa. "Siku ile mimi nilitaka urudi. Na nilitaka uende. Vyote viwili."

"Nilijua. Ndiyo maana nilizima simu. Nilitaka niamue kabla hujaniambia."

"Na mimi je?"

"Wewe hujawahi kuniambia kama umechoka."

Alitaka kubisha. Badala yake alifunika macho kwa kiganja, na Peninah akamwacha hivyo mpaka chai ikapoa.

Peninah aliondoka kwenda Kenya kabla ya Idi. Fanuel alimaliza mkataba Februari, akakataa kuuongeza. Kasian alimuuliza anakwenda kufanya nini huko Vihiga. Akasema Peninah amefungua kibanda cha chapati na maharagwe sokoni Luanda, na anahitaji mtu wa kumkandia unga.

"Wewe? Unga?" Kasian akacheka.

"Nitajifunza," Fanuel alisema, akamkabidhi sare yake ya ulinzi.