Tani Kumi na Moja za Wivu

Jana mchana, kwenye foleni ya malori ya Kasumbalesa, Gwakisa Mwambeta aliota kwamba wivu wake umekamatwa kwenye mizani.

Kabla ya kulala alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Ni dereva wa masafa marefu, mwenyeji wa Mbalizi, miaka kumi na tisa barabarani, na siku hiyo ilikuwa ya nne tangu waegeshe upande wa Zambia wakisubiri kuvuka kwenda Kongo na shehena ya mabomba. Siku kama hizo dereva hana kazi. Wengine hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Wengine huosha gari waliloliosha jana. Sixtus Haule, ambaye lori lake lilikuwa nyuma ya la Gwakisa, na ambaye alikuwa akisafiri naye mwaka wa kumi sasa, alifuma vitambaa. Alikaa kwenye ngazi ya gari, sindano mkononi, donge la uzi ndani ya sufuria ili lisibingirike vumbini, na madereva wakawa wanakuja kumtazama kama wanaotazama mpira.

Gwakisa yeye alilala. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake.

Saa saba mkewe, Atupele, alipiga simu.

"Baba Subi, natoka kwa mke wa Sixtus sasa hivi. Makochi yake yote yamevaa. Meza imevaa. Mpaka redio imevaa! Anasema kafumiwa na mumewe huko huko njiani."

"Sawa."

"Na wewe huko, mkiwa mmepumzika, unafanyaga nini?"

"Nalala."

Atupele akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ila alicheka muda mrefu, na mtandao ukakatika kabla hajamaliza, kwa hiyo Gwakisa hakujua kicheko kile kiliishia wapi.

Wakati huo Sixtus alikuwa amekwenda kuoga. Gwakisa alishuka, akaichukua ile sindano ya kufumia pale kwenye ngazi, akapanda nayo kwenye gari lake, akaisukuma chini ya godoro na kujilaza juu yake. Hakuwa amewahi kuiba kitu maishani. Usingizi ulimchukua papo hapo.

"Geuka," sindano ikasema. "Unanilalia mgongo."

"Sindano ina mgongo?"

"Nina mgongo na ndoano. Kingine sina. Geuka, bwana."

Gwakisa akageuka, na alipogeuka akajikuta ameshika usukani. Lori linakwenda. Linapita uwanjani kwake Mbalizi, linapita katikati ya kuku, linaingia sebuleni, na mlango unajipanua kidogo kwa adabu ili vioo vya pembeni visikwaruzwe. Pale ilipokuwa meza ya chai kuna mizani ya barabarani. Imevaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa, na miwani ya kusomea.

"Shikamoo," Gwakisa akasema, kwa kuwa mizani ilionekana kumzidi umri.

"Marahaba, mwana wa Mwambeta. Panda polepole. Usikanyage breki ghafla, nimekula sasa hivi."

Atupele amekaa kwenye kochi. Kochi liko uchi. Anaimiminia mizani chai.

"Huyu ni mumeo?" mizani inamuuliza.

"Ndiye," Atupele anajibu, "ila huwa namwona kwa nyuma zaidi, akiondoka."

Gwakisa anapandisha gari juu ya mizani. Mizani inafumba macho, inasikiliza, inafumbua.

"Mabomba, tani ishirini na nane. Sawa na karatasi zako. Wivu, tani kumi na moja. Huu haumo kwenye karatasi."

"Si wangu huo," Gwakisa akasema. "Nimepakiziwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Kwa simu."

"Mimi nilimuuliza swali tu," Atupele akasema, akaongeza sukari.

"Na umeupakia vibaya," mizani ikaendelea, bila hasira. "Wote umeurundika kwenye ekseli ya nyuma. Ndiyo maana gari linainamia upande wa Sixtus kila mnapoegesha. Shusha."

Gwakisa akashuka, akafungua turubai. Kweli, juu ya mabomba kuna magunia. Hayana alama yoyote. Alibeba la kwanza begani, na gunia likamwambia sikioni, kwa sauti ya mama lishe wa Nakonde, "Kaka Sixtus, karibu, nimekutunzia kiti." Akalitupa chini. La pili likasema kwa sauti ya bosi wao, "Mngekuwa wote mmetulia kama Haule." La tatu, la nne, mpaka la kumi na nane: yote yalisema mema, na yote mema yalikuwa ya Sixtus. Jasho lilimtoka. Mizani inahesabu, inapiga muhuri kila gunia kwa kitako cha kikombe.

Likabaki moja, dogo kama pakiti ya chumvi. Gwakisa akalishika kwa mkono mmoja, halikwenda. Akalishika kwa mikono miwili. Akapiga magoti.

"Hilo lina nini?" mizani ikauliza.

Gunia likajibu lenyewe, kwa sauti ya Subilaga, binti yake wa miaka tisa. "Baba, anko Sixtus alinifumia kofia. Nimeizoea sana. Naomba usiseme niivue."

Gwakisa alikumbuka kwamba kweli siku moja alimwambia aivue. Alisema kulikuwa na joto, na hakukuwa na joto.

Hakulinyanyua lile gunia. Atupele aliinuka kutoka kwenye kochi, akashika pembe moja, yeye akashika nyingine, wakalishusha pamoja bila kutazamana.

"Vizuri," mizani ikasema. "Sasa gari limebaki na nafasi, na mimi siruhusu gari liende na nafasi iliyochukuliwa na wivu ikiwa wazi, utarudi nao tu. Sema unachokipenda wakati wa mapumziko, tukipime, tukipakie."

"Sina."

"Kila dereva anacho."

"Nalala," Gwakisa akasema, akatazama chini akingoja kicheko.

Mizani haikucheka. "Uite."

Sebule imekuwa uwanja wa maegesho sasa, makochi yamepangwa foleni na yanatoa moshi kidogo kwa nyuma. Usingizi wa Gwakisa unateremka kutoka kwenye gari. Umevaa bukta yake ya bluu. Ni mkubwa, mnene, unatembea kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto, na hauna haraka na mtu. Ukapanda kwenye mizani ukakaa.

Mizani ilivua miwani, ikaifuta, ikaivaa tena.

"Nimepima almasi," ikasema. "Nimepima maparachichi ya kupelekwa Ulaya. Usingizi wa namna hii sijaupima tangu nizikwe hapa. Hauna kiraka. Haujakatika hata sehemu moja. Huu umeupata wapi?"

"Ninao tangu utotoni."

"Na hujawahi kumwambia mtu?"

"Ni kulala tu, mzee."

Hapo Sixtus akafika. Anatoka kuoga, taulo shingoni, anaburuta nyuma yake kitambaa kimoja kisichokwisha, cheupe, chenye maua pembeni, kinachotokea huko Dar es Salaam alikoanzia kukifuma. Aliuona usingizi umekaa juu ya mizani, akasimama. Uso wake ukabadilika. Gwakisa aliufahamu ule uso. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe wiki nzima.

"Gwakisa," Sixtus akasema polepole, "huo wote ni wako?"

"Wangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Sixtus aliuzunguka ule usingizi mara mbili. Akanyoosha mkono kama anataka kuugusa, akaurudisha.

"Mimi sina," akasema. "Mwaka wa nne huu. Unalikumbuka lile gari la Kapinga lililopinduka mbele yangu kwenye mteremko? Mimi ndiye niliyemtoa. Alikuwa ananiambia nisimwachie, na mimi nilikuwa nimemshika, ila alikuwa amekwisha kwenda. Tangu siku hiyo nikifumba macho naziona taa za nyuma za gari lake. Basi nafumbua, nafuma mstari mmoja. Nikisinzia tena, nafuma mwingine. Watu wananiambia nina kipaji."

Gwakisa alitazama kile kitambaa. Kilikuwa kirefu sana. Aliona kwamba kila mstari ulikuwa na ukubwa wa kope.

"Miaka kumi tunakula sufuria moja," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala," Sixtus akajibu, bila kumlaumu.

"Mpe," sindano ikasema. Ilikuwa imejichomeka kwenye ukosi wa shati la Gwakisa na kichwa chake kinachungulia nje.

Sasa wivu wa Gwakisa uligeuka upande mwingine. Aliutazama usingizi wake ulivyokaa pale, umenona, unapepesa macho, na akauonea wivu kama mtu anavyomwonea mkewe anapoona watu wanamtazama. Kitu kimoja tu alichokuwa nacho katika dunia hii, kimesifiwa leo kwa mara ya kwanza, na leo hii hii kinaombwa.

"Nikimpa, mimi nitabaki na nini?"

"Nusu," mizani ikasema. "Na nafasi ya magunia kumi na tisa."

"Watu watasema Sixtus anafuma na kulala pia analala. Na mimi je?"

"Baba Subi," Atupele akasema kutoka kwenye kochi, na kochi likazima injini ili asikike vizuri. "Mtu akikaa barabarani miaka kumi na tisa na kila safari akanirudia mzima, mimi najua ni kwa sababu analala. Nilichekea hilo. Nilifurahi. Wewe ulikata simu."

"Ni mtandao."

"Basi mtandao ulikata."

Gwakisa akaichomoa sindano kwenye ukosi, akampa Sixtus mkononi.

"Iliniuma mgongo," akasema, kwa kuwa hakuweza kusema zaidi ya hapo.

"Najua," Sixtus akasema. "Nilikuona ukiichukua."

Sixtus anapenyeza ndoano kwenye ukingo wa usingizi, anavuta, uzi unatoka. Ni laini, una rangi ya alfajiri ya Jumapili usipokuwa na safari. Anafuma. Usingizi haulii, unapungua tu taratibu upande huu, na upande wa pili mwingine unakua, mpaka zikawa sehemu mbili sawa, moja ndani ya bukta ya bluu na nyingine ndani ya taulo.

"Huu una masharti?" Sixtus akauliza, akiukunja wake vizuri kama anayekunja shuka.

"Unakoroma. Mara tatu kwa nguvu. Halafu unanyamaza, utadhani umekufa, lakini usiogope. Halafu unazungumza."

"Unasema nini?"

"Atupele anasema ni kitu kile kile kila siku. Unasema, 'Chumvi imezidi.'"

"Kwa nini?"

"Sijui. Mimi huwa nimelala."

Mizani ikapiga muhuri wa mwisho. "Pita," ikasema, na kizuizi kikainuka, na Gwakisa akafumbua macho.

Ilikuwa saa tisa na dakika chache. Jua lilikuwa linapiga kioo cha mbele. Kwa kawaida angelala mpaka saa kumi na moja, lakini alijaribu kufumba macho na hakukuwa na kitu humo ndani, ni kama kuingiza mkono mfukoni ukakuta tundu. Alijilaza kidogo akitazama dari la gari. Halafu akaichomoa sindano chini ya godoro na kushuka nayo, akipanga maneno ya kumwambia Sixtus.

Kwenye ngazi ya gari la nyuma hapakuwa na mtu. Donge la uzi lilikuwa peke yake ndani ya sufuria. Mbwana, dereva wa Tanga mwenye gari la sementi, alikuwa ameketi kivulini anamenya chungwa. Alipomwona Gwakisa akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, kaka. Kalala."

"Nani?"

"Sixtus! Kaja hapa saa nane anatafuta sindano yake, kaikosa, kakaa, mara namwona kichwa kinaanguka. Nikamwambia panda ndani ukalale kama watu. Basi ndiyo kalala moja kwa moja. Mimi huyu sijapata kumwona kalala, wallahi, nilidhani usingizi haumo kwenye damu yake."

Gwakisa akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama na mkono kwenye mlango. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa. Nyuma ya pazia hilo mtu alikoroma kwa nguvu, mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, mpaka kikombe kilichoning'inia kikatikisika.

Kisha kimya, kimya kirefu, na Mbwana kule chini akaacha kumenya chungwa akainua uso kwa wasiwasi.

"Usiogope," Gwakisa akamwambia.

Pazia likacheza kidogo. Sauti nzito ya Sixtus, sauti ya mtu ambaye hana neno na mtu, ikasema ndani humo:

"Chumvi imezidi."