Pakiti ya Mheshimiwa

Alhamisi ya uchaguzi mdogo, Mercyline alichota vikombe viwili vya unga na kukoroga uji mlangoni pake, mtaani Rhonda. Alipomaliza kunywa, pakiti ilikuwa imejaa tena. Hakuishughulikia. Ilikuwa hivyo tangu atoke jela.

Ilikuwa pakiti ya kilo mbili, yenye picha ya Mheshimiwa akitabasamu. Uchaguzi uliopita, akitafuta kiti cha wadi, aligawa pakiti kama hizo mtaa mzima. Mtu akachukua video. Mkono uliotoa haukuonekana. Uso wa aliyepokea ulionekana vizuri sana. Mahakama ikamfunga Mercyline miezi mitatu kwa kupokea hongo na kumnyima kura miaka mitano. Mheshimiwa akaapishwa. Pakiti ilikuwa ushahidi, na kesi ilipoisha polisi wakamrudishia.

Tangu hapo haikuisha. Wapangaji wa ploti nzima walikula kwake mwezi ukiwa kona na pesa zimeisha, na hakuna aliyeuliza maswali. Celestine wa mlango wa pili alikuja na sufuria kila jioni, kisha akaenda kuwakataza watoto wake kucheza na Jerry, mtoto wa Mercyline, kwa sababu mama yake ni mhalifu. Shukrani gani hiyo! Picha ya Mheshimiwa nayo ilinenepa pamoja na mwenyewe. Mwaka huu shingo ilikuwa imepotea kabisa.

Sasa Mheshimiwa alitaka ubunge. Mtaro aliouahidi haukuchimbwa, na kila mvua ikinyesha maji taka yaliingia hadi chini ya kitanda cha Mercyline. Mwezi wa Mei Jerry aliugua kipindupindu, akanusurika kwa tundu la sindano. Mama yake hakutaka pole ya mtu. Alitaka kura yake, ampige nayo huyo Mheshimiwa.

Akavaa nguo ya kanisa, akabeba pakiti, akaenda shuleni walikokuwa wakipigia kura.

"Mathe wa jela amekuja," mtu akasema kwenye laini. Watu wakacheka. Celestine hakugeuka.

"Nimeleta unga yao," Mercyline alimwambia Cheruto, msimamizi wa kituo. "Si walinifunga juu ya hii? Pima. Haijapungua. Sasa mnirudishie kura yangu."

Cheruto alikuwa mtu wa haki. Aliagiza mizani kutoka duka la ng'ambo ya barabara, akapima. Kilo mbili kamili.

"Ni ukweli, mama, hujakula," akasema. "Lakini miaka mitano ni miaka mitano. Toka kwa laini."

Nje ya geti, nyuma ya kibanda cha mboga, Makhanu, mtu wa Mheshimiwa, alikuwa akigawa unga. Ulikuwa umemwishia na watu bado walikuwa wengi. Akamnyang'anya Mercyline pakiti bila hata salamu.

"Lete hiyo, mathe. Kwani si ni yetu?"

Akaanza kumimina kwenye mifuko ya watu. Alimimina, ikajaa, akamimina, ikajaa. Hakuna aliyesema kitu, ila Celestine, aliyesema amekuja na mifuko miwili. Mercyline alivuta pakiti yake, akasukumwa, akaanguka na nguo yake ya kanisa.

"Wezi nyinyi!" akapiga kelele. "Mnakula kwangu halafu mnanicheka! Shenzi kabisa!"

Gari la polisi lilipotokea, Makhanu alimwinua Mercyline, akampangusa vumbi, akamkabidhi pakiti kwa mikono miwili. Afisa akauliza unga ni wa nani. Waliokwisha kupiga kura wakamwonyesha Mercyline kwa vidole, vidole vyenyewe vikiwa bado na wino mbichi. Cha Celestine kilikuwa mbele.

Miaka mitano ya Mercyline ilikuwa imebaki miwili. Afisa alimweleza, bila ubaya wowote, kwamba sasa itahesabiwa upya.

Katika kituo cha polisi Mercyline aliwekwa seli, na pakiti kwenye kabati ya ushahidi. Jioni, redio ya kituo ilipotangaza kwamba Mheshimiwa amepita, askari wa zamu alisikia njaa. Akafungua kabati, akachota, akasonga ugali, akarudisha pakiti ikiwa imejaa. Alimpelekea Mercyline kipande seli, na sukuma wiki kidogo. Mercyline alikuwa hajala tangu ule uji. Akala.