Siku za Kungoja

Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni mpiga chapa. Kuchapa nilichapa, sikatai. Lakini ni mimi pia niliyeomba vibali vya utafiti Nairobi, niliyewaandikia machifu barua, niliyekagua fomu za ridhaa moja moja kuhakikisha kila aliyetoa mkojo wake upimwe ameweka sahihi au dole gumba, na niliyewakumbusha wataalamu wenye digrii tatu tatu kwamba ripoti inatakiwa Ijumaa na leo ni Alhamisi. Mradi wetu wa kichocho ulikuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Homa Bay, na vyote viwili, bila kujisifu, nilivibeba mgongoni.

Bosi wangu, Daktari Momanyi, alikuwa mtu wa konokono, wale wanaoeneza kichocho. Mpe konokono wa ziwani na atakueleza mpaka ukoo wake. Mpe karatasi, ataiweka juu ya karatasi nyingine kisha aende kutafuta konokono. Nilimpenda sana na alinichosha sana.

Mwaka wa 1997 wafadhili walikubali kutuongezea miaka mitatu, ila kwa sharti moja: mradi uwe na Msimamizi wa Utafiti, mtu wa kushika mipango, vibali na ripoti. Daktari akapendekeza jina langu. Ofisi yao ya Nairobi ikamtuma Bwana Bichage aje kunipima kwa mpango kazi wa mwaka uliofuata, niliokuwa nimeuandika mwenyewe. Mpango ukipita, kazi ni yangu. Usipopita, nafasi itatangazwa gazetini na digrii itakuwa lazima. Mimi nilikuwa na cheti cha uhazili na ukaidi wa moyo, basi.

Bwana Bichage alikuwa mwembamba, mwenye tai iliyokazwa hata kwa lile joto letu, na rula kwenye mfuko wa shati. Alisoma kwa kuweka rula chini ya kila mstari. Mstari wa kwanza, rula. Wa pili, rula. Ukurasa wa tatu rula ikasimama.

"Bi Roselyn, hii ni nini?"

"Ni siku za matanga, bwana. Arobaini na moja."

"Matanga ya nani?"

"Bado hatujui."

Aliniangalia kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa aendelee tu. Nikamweleza. Kazi yetu kubwa ilikuwa kisiwani Takawiri, na Takawiri mtu akifa mashua hukaa ufukweni mpaka azikwe. Hakuna anayekwenda ziwani, hakuna anayeleta mtoto kupimwa, na ukifika na vichupa vyako vya mkojo utaonekana huna adabu. Unageuza, unarudi baada ya siku tatu, nne, tano. Na miaka ile watu walikuwa wakifa, tena vijana, si wazee tu. Mpango wa awamu ya kwanza haukuwa na mstari huo, kwa hiyo nilikuwa nimeandika barua kumi na moja za kuwaomba wafadhili radhi kwa kuchelewa. Daktari alisema wazungu hawataelewa mambo ya matanga, tusingizie mvua. Mvua ilinyesha sana kwenye barua zangu, hata Januari.

"Wafadhili hawapangi siku za kukaa bure," alisema Bwana Bichage. "Futa huu mstari na ninapitisha mpango leo leo."

"Na nisipofuta?"

"Uniletee sahihi za kamati ya jamii ya huko kisiwani, kwamba wanakubali siku hizi zinahitajika. Ijumaa mchana naondoka. Bila sahihi, Jumatatu tangazo liko gazetini."

Daktari alinifuata mpaka kwenye kompyuta. "Rose, please, futa tu. Ni kubonyeza kitu kimoja."

Sitaficha, niliweka kidole juu ya hicho kitu kimoja na kikakaa pale muda mrefu. Niliitaka ile kazi. Nilikuwa nimechoka kuitwa mpiga chapa. Lakini nikawaza barua ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, na ni nani atakayeziandika: mimi, sasa nikiwa na cheo kikubwa cha kudanganya nacho. Hasira ikanipanda, nikatoa kidole.

"Kesho tunaenda Takawiri," nikamwambia.

"Sawa," akasema daktari. "Nitabeba wavu wa konokono."

Kamati ilitungoja kwenye banda la kupimia samaki, watu saba, mwenyekiti akiwa Mzee Nashon, mwenye mashua mbili na sauti ya kuzidi mashua kumi. Tuliongea Kiswahili kwa ajili ya daktari, ambaye ni Mkisii na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu. Nikasoma mpango. Wote wakaitikia kwa vichwa, mpaka nilipofika kwenye mstari wangu.

"Rudia hapo," alisema Mzee Nashon.

"Siku za matanga, arobaini na moja. Kwa hesabu zetu ni kama matanga kumi kwa mwaka."

"Kwa hivyo," alisema mzee polepole, "wewe umekaa huko Homa Bay kwa kiti, umechukua kalamu, umeandika watu yetu kumi watakufa."

"Si hivyo, mzee, ni makadirio tu ya..."

"Umeshachagua ama bado unachagua?"

Mama Lorine, muuza dagaa wa omena aliyekuwa mwekahazina wa kamati, akapiga mikono. "Wuoi! Hata ajuoga, mganga na kibuyu yake, hawezi ongea hiyo maneno mbele ya watu!" Mama mwingine mtu mzima aliinuka, akachukua kigoda chake, akakihamishia upande wa pili wa banda, mbali na macho yangu, asije akawa wa kumi.

Daktari Momanyi akaona anisaidie. "Wazee wangu, hii ni njia ya kisayansi. Hata konokono tunawakadiria hivi hivi."

Afadhali angenyamaza.

Nilisimama pale na karatasi yangu, uso ukiwaka. Mimi ni mtoto wa Ndhiwa. Nimelelewa na mama ambaye ukitamka kifo cha mtu aliye hai anakuzaba kofi kabla hujafunga mdomo. Nilijua vizuri kabisa kwamba msiba hautajwi kabla haujaja. Miaka mitano ya kujaza safu na mistari ilikuwa imenisahaulisha jambo ninalolijua tangu utotoni, na hakuna mzungu niliyeweza kumsingizia. Niliona aibu ya kweli.

Mzee Nashon alikuwa tayari anafunga mkutano. Nikafungua mkoba nikatoa daftari langu, lile kubwa la jalada gumu ambalo nililianzisha 1992 kwa ajili ya zile barua. Daktari mwenyewe hakuwahi kulifungua.

"Mzee, nimekosa," nikasema. "Sikuchagua mtu. Nilisoma ya nyuma. Naomba niwasomee, halafu mtufukuze."

Nikasoma. Tarehe, mahali, jina la marehemu, siku tulizongoja, tarehe tuliyorudi. "Takawiri. Boaz, fundi wa mashua. Siku tatu. Takawiri. Joyline, mwalimu wa nasari. Siku nne. Takawiri. Mtoto wa Scovia, hajapewa jina. Siku mbili." Sikuwahi kuyasoma kwa sauti. Ofisini yalikuwa ni mistari. Pale bandani kila jina lilikuwa na mtu aliyeinamisha kichwa.

"Na yangu?" aliuliza Mama Lorine. "Barnabas yangu uliandika?"

Nikafunua. "Agosti 1994. Barnabas, alizama. Siku sita."

"Saba."

"Hapa nina sita, mama."

"Walimpata siku ya nne. Tukangoja ndugu yake kutoka Mombasa. Tukazika ya saba. Mimi ndio nilikuwa nahesabu, si wewe." Akanyoosha mkono, akachukua kalamu yangu, akakata sita akaandika saba, herufi kubwa kuliko zangu zote. Kisha akalishikilia lile daftari kidogo, kiganja kikiwa juu ya jina, kabla ya kunirudishia.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Kila mmoja alitaka wa kwake asomwe, na kila aliyesomewa alikuwa na marekebisho. Boaz hakuwa wa siku tatu, alikuwa wa nne, kwa sababu mvua ilijaza kaburi. Hapana, hiyo ilikuwa ya shemeji yake. Kamati iliyokataa kusikia neno matanga sasa iligombania matanga kwa sauti, huku daktari akiandika mhtasari, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kabla wala baada. Yule mama wa kigoda alirudi na kigoda chake mpaka karibu na goti langu, akanitajia watu wawili niliowasahau kabisa.

Tulipojumlisha upya, wastani wa mwaka haukuwa arobaini na moja. Ulikuwa arobaini na nne.

"Tutaweka sahihi," alisema Mzee Nashon. "Lakini ya nyuma ndio ina majina. Ya mbele usiguse. Hiyo ya mbele andika ni siku ya kungoja. Sisi tunajua mnangoja nini."

"Na kama huko kwa wakubwa wataleta mwingine mwenye digrii," akaongeza Mama Lorine, "wamwambie aje na hii kitabu. Bila kitabu asikuje."

Ijumaa saa nne nikamwekea Bwana Bichage mpango mezani, sahihi saba na sentensi ya Mama Lorine pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Rula ikashuka mstari kwa mstari, ikasimama palepale.

"Uliondoka hapa na siku arobaini na moja."

"Ndiyo."

"Nikakwambia ni nyingi."

"Ndiyo, bwana."

"Umerudi na arobaini na nne."

"Nilikuwa nimekosea hesabu," nikasema.

Daktari alikohoa akatoka nje. Bwana Bichage akaomba daftari. Alilisoma lote, kwa rula, kuanzia 1992, bila kuinua kichwa. Nilikaa nikitazama mikono yangu, nikijiambia kuna shule fulani wanatafuta katibu, si mwisho wa dunia, na wakati huohuo nikimchukia kwa roho yote. Chai yake ikapoa pale pembeni.

"Bi Roselyn," alisema mwishowe, "hili daftari lina kasoro."

"Marekebisho ni ya kamati, bwana, niliwaruhusu..."

"Si hayo. Safu ya mahali. Kila mstari ni Takawiri." Akaligeuza kunielekea. "Homa Bay haipo hata mara moja. Ofisi hii, kwa miaka mitano, haijafiwa?"

"Ofisi haikufungwa hata siku moja, bwana." Nililisema kwa fahari, kama ninavyolisema siku zote.

"Sikuuliza kama ilifungwa."

Nilifungua mdomo kumjibu kikazi. Badala yake nikajisikia nikisema kwamba mama yake daktari alikufa mwaka juzi. Na dereva wetu alizika mke. Na mimi, mwezi wa tatu mwaka huo, nilimzika kaka yangu Gordon, aliyenilipia huo uhazili kwa kuuza ng'ombe wake. Alizikwa Jumamosi huko Ndhiwa. Jumatatu saa mbili nilikuwa kwenye kiti hiki kwa sababu ripoti ya robo mwaka ilitakiwa, na ilifika kwa wakati. Hapo nikaanza kulia, si kilio cha ofisini cha kupangusa macho, kilio chenyewe, mbele ya mtu wa wafadhili, na sikuweza kukizuia.

Bwana Bichage hakuniambia pole. Alisubiri mpaka nikamaliza, akatoa kalamu, akarudi kwenye mpango, akachora mstari mpya chini ya ule wa Takawiri kwa rula yake, akaandika mwenyewe: *Homa Bay, wafanyakazi, siku za kungoja.* Mbele yake akaacha nafasi.

"Jaza," akasema. "Msimamizi hawezi kuniletea mpango uliosahau watu wake mwenyewe. Barua yako ya cheo itaanza tarehe moja Julai. Tangazo sipeleki." Akatazama kalenda ya ukutani. "Leo ni ishirini. Mpaka tarehe moja sitaki kukuona ofisini. Daktari atajichapia."

Daktari alichapa barua moja kwa siku tatu, nikaja kuikuta ina makosa kumi na tisa.

Jumatatu nikaenda Ndhiwa. Sikuwa nimetuma habari. Mama alikuwa uani anapepeta mtama, na aliponiona naingia na mkoba, siku ya kazi, kweupe, ungo ukamtoka mikononi. Akashika kichwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Gordon, Mama," nikamwambia.

Aliingia ndani akatoa kiti, akakiweka karibu na chake.