Panya Waliokula Taito

Mwaka ule baada ya mvua ya El Nino, kila mtu huku kwetu Mwala alivuna mpaka akakosa pa kuweka. Mimi nilipanga magunia ya mbaazi na mahindi ndani ya nyumba kubwa, moja juu ya lingine mpaka karibu na mabati, na panya nao wakaja kama watu walioandikiwa barua. Walikula sabuni. Walikula mshumaa. Walikula kisigino cha kiatu changu cha kanisa, kimoja tu, kile kingine wakaniachia.

Sikuwa na haraka nao. Jioni nilikuwa nachekecha jivu, nalimwaga kando ya ukuta, na asubuhi naangalia wamepita wapi. Pale walipopita sana ndipo naweka mtego. Jirani yangu Kamanthe alinipa paka wake akae kwangu wiki mbili, akanenepa kwa maziwa yangu, akarudi kwao. Dawa sikutaka kwa sababu ya kuku. Kwa mtego tu nilitoa panya kumi na tisa. Syombua, mke wa mtoto wangu, ambaye nyumba yake iko hapo hapo bomani, alikuwa anakuja kila asubuhi tunafagia pamoja. Tulifagia mavi ya hao panya mpaka tungeyajua hata tukifunga macho.

Bwana yake Syombua ni Nzau, kifungua mimba wangu. Alikuwa anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe huko Lukenya. Anakuja mwisho wa mwezi, anakula, analala, anaenda. Mambo ya panya alikuwa hayajui na hayamhusu. Kwa hivyo alipokuja mwezi wa nane akaanza kuniuliza habari za panya, nilimwangalia. Aliuliza kama wameingia chumba changu. Aliuliza kama wamefika kwa sanduku. Nikamwambia sanduku ni la bati. Akasema bati nayo huoza, Mwaitu, hebu angalia ile kona imeliwa na kutu.

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Nzau akiniita hivyo mara moja, anataka chakula. Siku hiyo aliniita mara nyingi, na alikuwa amekwisha kula.

Ndani ya sanduku hilo nilikuwa naweka kadi za ubatizo, picha ya marehemu mzee wangu, na taito, ile karatasi ya shamba. Shamba ni ekari tatu kando ya barabara, na mzee amezikwa hapo. Alipokufa nilienda Machakos mara tano mpaka jina langu likaandikwa kwa hiyo karatasi. Shamba lingine hatuna. Tukitolewa hapo, mimi na Syombua na watoto wake wanne hatuna mahali pa kuweka hata sufuria.

Haikupita wiki mbili, Kamanthe akaniambia amemwona Nzau sokoni, siku ya Jumatano, siku ya kazi, ameketi ndani ya duka la Kibe wanakunywa soda. Kibe ni mfanyabiashara aliyetoka upande wa Murang'a, anauza misumari na mabati, na wakati huo alikuwa ananunua mashamba yaliyo kando ya barabara. Kamanthe alisema pengine Nzau alikuwa ananunua misumari. Nilimuuliza kama ameona misumari. Akasema hakuona.

Nilianza tu kuhesabu nani anaingia chumba changu na anatoka saa ngapi. Hata Syombua nilimhesabu. Akichelewa ndani na ufagio, nilikuwa nakohoa hapo nje.

Mwisho wa mwezi Nzau akaja. Jumapili akasema tumbo linamuuma, hataenda kanisani. Nilienda na Syombua na watoto, lakini mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia. Tuliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, uso umeanguka kama mtu aliyefiwa.

Akanishika mkono akanipeleka chumbani. Sanduku lilikuwa wazi. Ile kona ya kutu ilikuwa na tundu ambalo ngumi ya mtoto ingepita. Ndani kulikuwa na vipande vya bahasha ya kaki, ile niliyokuwa nimetia taito, na juu ya vipande kumetapakaa mavi meusi. Taito hakuna. Nzau akasema panya wametumaliza, karatasi yenyewe wameila yote. Lakini nisiwe na wasiwasi, akasema, atanitafutia nyingine ofisini. Mimi ni kuweka sahihi tu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa fomu.

Nilimwambia ngoja kwanza, nimetoka kanisani sijapata hata maji. Akatoka kwenda kukaa nje. Mimi nikapiga magoti mbele ya sanduku.

Kitu cha kwanza nilichokifikiria ni hiyo fomu. Panya wamekula taito asubuhi ya Jumapili, na ofisi zote zimefungwa, halafu fomu tayari iko mfukoni, tena imekunjwa mpaka mikunjo imeingia uchafu. Cha pili, nilichukua kile kipande cha kaki nikakinusa. Karatasi iliyopitia kwa panya inanuka mkojo, hata ukiianika siku tatu. Hii ilinuka karatasi. Tena panya hali karatasi kama mtu anavyokula chapati. Anaikatakata akawatandikie watoto wake. Nikatafuta hayo malazi chini ya kitanda, nyuma ya magunia, juu ya ukuta. Hakuna. Na kadi za ubatizo, zilizokuwa hapo hapo, hakuna iliyoguswa.

Halafu nikaangalia yale mavi, na hapo nikakaa chini kabisa kwa sakafu.

Nilifagia nyuma ya magunia nikapata mavi mapya ya panya. Nikayaweka kwenye kifuniko cha debe, upande mmoja. Upande wa pili nikaweka yale ya sandukuni. Nikamwita Nzau, na Syombua alipoleta chai nikamwambia naye akae.

"Nzau," nikasema, "nionyeshe hapa ni gani ya panya."

"Panya ni panya, Mwaitu. Zote."

"Angalia pole pole. Sina haraka."

Aliangalia. Akasema hizi ni nyeusi na hizi ni nyeusi, na chai inapoa.

Nikampitishia Syombua kifuniko. Yeye hakuhitaji hata kuinama. "Hii ni ya panya," akasema. "Na hii ni ya mjusi, wale wa ukutani. Si unaona iko na ncha nyeupe. Kwani mjusi ameingia wapi?"

Mimi nilishusha pumzi, kwa sababu kitu kimoja nilikuwa nimekijua: Syombua hayumo. Mwanamke anayefagia kila siku hangemwacha bwana yake aende kubandua mavi ya mjusi ukutani akidhani ni ya panya. Lakini alipomwangalia Nzau, kisha sanduku, naye akaelewa.

"Baba Mbula," akamwambia bwana yake, "miaka kumi na mbili nimeishi na wewe na sijakuona umeshika ufagio. Leo umeruka ufagio ukashika mavi."

Nikanyoosha mkono, nikamwambia Nzau alete hiyo fomu. Alitaka kuirudisha mfukoni, lakini Syombua alikuwa karibu naye kuliko mimi, akaichukua akanipa. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na Kiingereza sijui. Lakini jina la mtu halina Kiingereza. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka nikafika kwa jina langu. Chini yake kulikuwa na jina la Kibe.

"Taito iko wapi?"

"Iko kwake."

Akaanza kunieleza habari ya shamba kubwa huko Yatta, la bei nafuu, tutahama wote, tutajenga. Nilimwacha akaongea mpaka akaishiwa. Kisha nikamwambia kesho asubuhi tunaenda pamoja.

Jumatatu tukaenda kwa miguu mpaka sokoni. Kibe alikuwa anapimia mtu waya. Aliponiona nimesimama kwa mlango wake, aliuacha ule waya ukarudi ukajikunja wenyewe.

"Mama," akasema, "umepona?"

"Kupona nini?"

Akamwangalia Nzau. "Niliambiwa una mwaka mzima huwezi kutoka kitandani. Kwamba hata kuongea ni shida, ndiyo maana nikampa fomu akuletee huko nyumbani."

Nzau alikuwa anaangalia barabara. Mimi nilishika meza, kwa sababu hilo la kitandani ndilo lililoniingia kuliko la shamba. Mtu ambaye amekwisha kukulaza kitandani ukiwa mzima, hujui ataishia wapi.

Nikamwambia Kibe mimi siuzi, sijawahi kuuza, na nimekuja kuchukua karatasi yangu. Kibe hakubishana. Aliingia nyuma akaileta ndani ya kitabu chake, akaomba radhi, akasema yeye na Nzau watajuana. Nilisoma namba yote, tarakimu moja moja, na jina langu herufi moja moja. Wateja walikuwa wamesimama wananingoja, nami nikawaacha wangoje. Nilipomaliza nilirudia tena tangu mwanzo. Kisha nikaitia kwenye mfuko wangu, chini ya sukari.

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima Nzau alikuwa anataka kunibebea mfuko, jua ni kali, Mwaitu, utachoka. Tulipofika kwa ile njia nyembamba ya kuingilia kwetu, akasimama nipite kwanza.

Nikamwambia atangulie, nimwone.