Vijiti Vitatu vya Hanh

Kila asubuhi mume wangu humsalimu mwanamke mwingine kabla yangu. Akiamka huvaa kandambili, huenda sebuleni, huwasha vijiti vitatu vya udi anavyonunua kwa watu wa kwao mtaani Fairfield, huku ughaibuni tunakoishi, kisha huinama mbele ya picha ya Hanh. Huyo ni mke wake wa kwanza, na alikufa miaka sita iliyopita. Mimi niliye hai nasimama jikoni na chai ya maziwa, nasubiri zamu yangu.

Tulipooana, Tuan alinieleza kila kitu. Kijiti cha kwanza ni cha Buddha, cha pili cha mafundisho yake, cha tatu cha wale wanaoyafuata. Moshi hupeleka heshima kwa waliotangulia, na majivu humkumbusha aliye hai kwamba naye anaisha. Tena moto wake haupulizwi kwa mdomo, maana pumzi yetu huchafua sadaka; hupepewa kwa mkono mpaka uzimike, ubaki moshi. Nilimsikiliza kwa adabu zote. Moyoni nilijiuliza mimi ataniinamia lini.

"Hiyo kitu ni idol, Wilkister. Throw it out," rafiki yangu Bridget aliniambia tukitoka kanisani Bankstown. "Wewe ni Christian ama hapana?"

Nikamwambia udi haunisumbui. Anayenisumbua ni yule mama wa kwenye picha, anayetabasamu mchana kutwa sebuleni kwangu. Tena ana mwanya.

Jumanne Tuan alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Alhamisi angepasuliwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu siku hiyo akanipigia simu, nikaidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Umemwashia Hanh?"

"Bado."

"Tafadhali. Leo hasa."

Wivu ukanishika. Mtu anaenda kufunguliwa kifua, na anamkumbuka nani? Nikakata simu bila hata kumwambia nampenda.

Nikaenda sebuleni, nikawasha vijiti vyote vitatu, nikaupuliza moto kwa mdomo, makusudi, usoni pa Hanh. Nikaona raha, nisidanganye. Moshi ukapanda, na harufu yake ilikuwa harufu ya mashati ya Tuan. Ndipo neno lake likanirudia. Leo hasa. Kwa nini leo hasa? Nikaketi sakafuni. Tuan hakuwa anamsalimu Hanh leo. Alikuwa anampigia hodi huko aliko.

Mama yangu alikuwa mke wa pili. Baba alipougua akiwa kwa bi mkubwa, mama, ambaye hakuwa akimsalimu mwenzake, alivuka uwanja mchana watu wakitazama, akapiga magoti mlangoni, akaomba apewe mumewe akamuuguze. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwonea aibu sana.

Nikaving'oa vile vijiti nilivyovichafua. Nikawasha vitatu vipya, nikaupepea moto kwa kiganja, polepole, mpaka ukazimika wenyewe. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tano. Nikapiga magoti.

"Bi mkubwa," nikasema. "Mimi sikupendi, na wewe unajua. Lakini ulikaa naye miaka thelathini na mmoja. Mimi nina minne tu. Zamu yangu haijaisha. Akibisha, nakuomba, usimfungulie."