Inchi Moja kwa Kila Anguko

Jumanne ya pili ya Aprili, saa moja na nusu asubuhi, Imre Bodnar, mtunza uwanja, alikuwa akikata nyasi nyuma ya nguzo za goli la kaskazini, akikizunguka kichwa cha Rusty Tackett. Tackett alimwomba azime mashine kidogo kwa sababu alikuwa anasikiliza redio. Imre akazima, wakasikiliza wote wawili.

Redioni kulikuwa na mjadala mmoja tu, ule ule wa wiki tatu: je, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Wahunzi wa Toledo, ipande foleni ili imchukue kwotabeki? Kila Aprili timu hupanga foleni kuchagua vijana wanaomaliza vyuo, na iliyofanya vibaya kuliko zote huchagua kwanza. Mwaka huo sisi tulikuwa wa tisa. Tulikuwa wabovu, lakini si wabovu wa kutosha, na hiyo ndiyo hali yetu ya miaka yote. Timu inayotaka kupanda, yaani kusogea mbele, humwachia mwenzake zamu zake za kuchagua za miaka ijayo. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara tatu, na hao watatu tuliowapata walikuwa pale nyuma ya nguzo za kaskazini.

Kwotabeki ndiye anayeshika mpira na kuurusha. Mbele yake husimama wazuiaji watano, wanaume wenye miili ya makabati, kazi yao kumkinga asiangushwe. Wa kwetu hawakingi. Na hapa Toledo, kila kwotabeki anapoangushwa kabla hajarusha, huzama inchi moja ardhini, na inchi hiyo hairudi. Mwanzoni hutembea kama mtu anayevuka kijito. Ikifika magotini hawezi tena kukimbia. Ikifika kiunoni ardhi humshika kama zege, na kuanzia hapo hushuka polepole kwa uzito wake mwenyewe. Tackett alikuwa amebaki kidevu na upara. Deon Merriweather alikuwa kwapani. Kyle Lindqvist, wa mwisho, alikuwa kiunoni na mkataba wake ulikuwa haujaisha. Klabu iliwahi kuleta watu wamchimbue Tackett, akashuka inchi mbili zaidi, wakafukia.

Kijana aliyekuwa anatajwa safari hii aliitwa Garrett Bodnar. Alikuwa mjukuu wa Imre, mtoto pekee wa binti yake Marlene, na kwa miaka miwili hakuna chuo kilichokuwa na mrushaji bora kuliko yeye. Imre alitoa simu mfukoni, akapiga kituoni.

"Imre wa ng'ambo ya mto, uko hewani," alisema Dutch Sobczak, mtangazaji.

"Msipande," alisema Imre. "Kaeni hapo hapo tisa, chukueni mzuiaji. Mwakani chukueni mwingine."

"Mzuiaji? Mzee wangu, nani ananunua jezi ya mzuiaji?"

"Mtu anayetaka kuona miguu ya kwotabeki wake."

Dutch alicheka sana, kisha akaunganisha simu nyingine, ya mama mmoja aitwaye Peggy, ambaye familia yake ina tiketi za msimu tangu enzi za baba yake.

"Mzee Imre, kwa heshima zote, hivi una wivu au una nini? Mtoto kazaliwa hapa, kakulia hapa, anataka kurudi nyumbani. Babu mzima unamwekea kauzibe?"

"Mama, mimi ndiye ninayewamwagilia maji hawa wengine."

"Hao wengine walikuwa mizigo. Huyu wako ni mwepesi, hawatamshika."

"Lindqvist alikuwa mwepesi," alisema Imre. Lindqvist akatikisa kichwa kukubali. Dutch alikata simu ili apishe tangazo la matairi.

Jambo lenyewe ni rahisi kiasi cha kumtia mtu hasira, na Imre lilikuwa limemtia hasira kwa miaka ishirini na sita. Zamu tunazozitoa ili tumpate kwotabeki ndizo zamu ambazo tungechagulia watu wa kumkinga. Tukishampata, hana wa kumkinga, anazama. Akishazama tunahitaji mwingine. Imre alikuwa ameyaandika haya kwenye barua kumi na moja kwa klabu, na kila mara alijibiwa kwa kutumiwa kofia.

Jumapili alikwenda kula kwa Marlene. Kulikuwa na kabichi zilizofungwa nyama, na Garrett alikula sita.

"Waambie huwataki," alisema Imre. "Vijana wengine wamefanya. Ukisema hutachezea Toledo, hawapandi."

"Babu, tangu nina miaka sita nalala na kofia ya Wahunzi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekupa. Zilikuwa nyingi."

"Na nikisema siwataki, mama atanunua mkate duka gani? Nani atamuuzia?"

Marlene alikuwa anaosha sufuria. Alisema angeweza kuoka mkate mwenyewe, na hakugeuka. Garrett akamwambia babu yake kwamba yeye huachia mpira mapema, sekunde mbili na nusu tu, takwimu zote zinaonyesha. Imre akamuuliza wazuiaji wetu huhimili sekunde ngapi. Garrett akaomba kabichi ya saba.

Klabu ilipanda. Ilitoa zamu ya tisa, na zamu za kwanza za miaka miwili iliyofuata, ikasogea hadi ya pili, ikamchukua Garrett. Magari yalipiga honi kutoka mtoni hadi mtaa wa Lagrange. Majirani walileta keki yenye namba yake, na Peggy mwenyewe alifika mlangoni akamkumbatia Marlene bila kumfahamu. Meneja wa timu, Bwana Haverkamp, alipiga simu kumpongeza babu. Imre alimwambia kwamba klabu imekosea. Haverkamp alisema anaelewa kwamba mzee ana furaha hadi hajui aseme nini.

Mwezi wa tisa, kabla ya mechi ya kwanza, mashabiki walishuka kupapasa upara wa Tackett, kama ilivyo desturi yetu kila msimu unapoanza. Garrett alirusha vizuri siku hiyo. Kila aliyekuwepo atakwambia hajaona mkono kama ule. Aliangushwa mara nne, na alipotoka uwanjani viatu vyake vilikuwa havionekani. Daktari wa timu alimpima kwa futi ya fundi nguo, akaandika kwamba ni uchakavu wa kawaida.

Kufikia Oktoba alikuwa amezama hadi katikati ya muundi. Jikoni kwa Marlene sakafu ilimpokea kama nyasi zilivyompokea, ikajifunga nyuma yake bila kuacha alama. Alipokaa mezani meza ilimfika puani, kwa hiyo Marlene aliikata miguu kwa msumeno. Wiki tatu baadaye aliikata tena. Uwanjani, nyayo zake ziliacha mifereji, na kila Jumatatu Imre aliifukia kwa toroli na kupanda mbegu mpya. Ilikuwa kazi yake na aliifanya vizuri, na alitukana muda wote akiifanya.

Katikati ya Novemba alipanda hadi ofisini kwa Haverkamp bila miadi.

"Mletee wazuiaji," alisema.

"Ningependa sana, mzee Imre. Lakini kwa zamu gani? Tulizitoa zote kumpata yeye."

"Nilikuandikia hivyo."

"Nakumbuka. Barua nzuri sana ile. Ulipata kofia?"

Imre alishuka ngazi bila kuaga. Siku hiyo alimpigia Dutch simu redioni akasema mambo ambayo hayawezi kurushwa hewani, na hayakurushwa.

Desemba Garrett alikuwa amepita magoti. Ilikuwa imebaki michezo miwili. Imre alimpima mwenyewe kila Jumatatu, na hesabu yake ilisema kwamba akicheza hiyo miwili, kisha akianza msimu ujao, Oktoba ardhi itamshika. Baada ya hapo hatakula tena kwa mama yake. Lakini akiwekwa benchi sasa, atabaki alivyo: atatembea taratibu maisha yake yote, ataoa akipenda, na ile meza ya chini itamtosha.

Alhamisi, theluji ikiwa inaanza, Haverkamp alishuka uwanjani akiwa na kahawa mbili, moja akampa Imre. Garrett alikuwa akifanya mazoezi ya kurusha karibu yao. Akina Lindqvist walikuwa wamevalishwa kofia za sufu.

"Kuna kijana Alabama," alisema Haverkamp. "Tukitoa zamu za miaka mitatu inayofuata ile miwili tuliyokwisha kuitoa, tunampata Aprili. Garrett tungempumzisha kuanzia Jumapili hii, asiumie bure. Mashabiki wanauliza, redio inauliza. Wewe ndiye uliyekuwa unapinga kuliko wote, nikaona nisikie kwako kwanza. Tupande?"

Garrett aliacha kurusha. "Babu," alisema. "Usiseme."

Imre alikunywa kahawa yake. Alimtazama mjukuu wake kuanzia kichwani hadi pale alipoishia.

"Huyo wa Alabama," alisema, "ana urefu gani?"

"Futi sita na inchi tano."

"Basi atafaa," alisema Imre. "Pandeni."